Kifaa cha kidoleni kinasema 97, mbona pumzi hainitoshi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Nina umri wa miaka 34, nimeolewa, na tuna mtoto mmoja wa miaka mitatu. Nakuandikia kwa sababu nimechoka kuambiwa siumwi.

Ilianza miezi miwili iliyopita kwa kichomi upande wa kulia. Nikivuta pumzi ndefu, nikikohoa au nikicheka, nasikia nadungwa chini ya kwapa. Jioni homa ndogo inanijia, usiku natoka jasho mpaka kanga niliyojifunga inalowa. Nilikwenda zahanati wakanipa dawa za homa ya mapafu, nikamaliza dozi. Kichomi kikapungua sana, nikashukuru Mungu nikijua nimepona. Kumbe ndipo pumzi ilipoanza kunipunguka.

Nikiandika ubaoni mkono ukiwa juu, nahema. Nikisoma habari kwa sauti mbele ya watoto, sentensi inanikatikia katikati. Nikiinama kumfunga mwanangu viatu lazima niinuke nivute hewa kwanza. Usiku nikilalia ubavu wa kushoto naona kama kifua kimebanwa, basi nalala nimeegemea mito, nimegeukia kulia. Nimepungua mwili, na kikohozi kikavu hakiniachi.

Mume wangu alinunua kile kifaa cha kubana kidoleni wakati wa Korona, na tangu hali hii ianze ananipima asubuhi na jioni. Kinasoma 97, siku nyingine 98. Ananiambia, "Mke wangu, oksijeni yako inaizidi hata yangu." Hasemi kwa ubaya, anataka kunitoa hofu. Kituo cha afya nako wakanipima kidoleni, wakaona 97, tabibu akasema ni mawazo, akaniandikia dawa ya usingizi. Mahali pengine nikapewa dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Duka la dawa wakaniuzia vidonge vya kukojoza. Vilinikausha koo na kunitia kizunguzungu, pumzi ikabaki vilevile.

Wiki iliyopita daktari mmoja kijana alinivua blauzi, akanigongagonga mgongoni kwa vidole, akasikiliza pande zote mbili, kisha akanituma eksirei. Picha imeonyesha upande wa kulia mweupe kuanzia chini hadi karibu nusu. Akasema ni maji, nilazwe, nichomwe sindano yatolewe na yakapimwe, na kwamba anashuku kifua kikuu.

Hapo nyumba ikachafuka. Mama mkwe anasema kuna jirani yao alitolewa maji kifuani, siku ya tatu akazikwa. Anataka kuniletea fundi wa hijama aniumike mgongoni. Pia ametenga kikombe na sahani yangu, na anataka kumchukua mtoto akae kwake. Mume wangu naye anauliza: kama maji ni mengi kiasi hicho, mbona oksijeni ni 97? Labda picha imechanganywa na ya mtu mwingine. Shuleni mwalimu mkuu anasema cheti cha kituo cha afya kiliandika niko sawa, kwa hiyo ruhusa ya kupumzika hana sababu ya kunipa.

Mama, naomba unijibu bila kunificha. Inawezekanaje mtu akose pumzi na oksijeni iko kamili? Au ni kweli nimeanza kuchanganyikiwa? Nikubali hiyo sindano? Na mwanangu nimpeleke kwa bibi yake? Ninatumia kijiti cha uzazi wa mpango, sijui kama kinahusika na lolote.

Mwalimu, Tanga

---

Marahaba mwanangu,

Hujachanganyikiwa. Unaumwa, na yote uliyoyaandika, kuanzia kichomi kilichokuja kikapungua hadi viatu vya mtoto, ndivyo hasa anavyosimulia mtu mwenye maji kifuani. Nimekaa miaka mingi kwenye wodi za kifua na maelezo yako ningeyatambua hata kama usingetaja picha. Sindano ukubali, tena wiki hii. Nitakueleza kwa nini, na barua hii ningependa uisome pamoja na mumeo, kwa sababu swali lake ni zuri na linastahili jibu.

Tuanze na mahali maji yalipo. Hayamo ndani ya pafu. Pafu limefunikwa na utando mwembamba, na upande wa ndani wa mbavu una utando wa namna hiyohiyo. Kati ya tando hizo mbili mtu mzima ana majimaji kidogo tu, yasiyozidi mililita 20 hivi, ya kuzifanya ziteleze bila kukwaruzana tunapopumua. Ugonjwa ukiushika utando, unavimba, na kila pumzi inausugua. Hicho ndicho kilikuwa kichomi chako. Kisha majimaji yakaongezeka, tando zikaachana, zikaacha kusuguana. Maumivu yakapungua, wewe ukadhani umepona, na yeyote angedhani hivyo.

Eksirei ya mtu aliyesimama haionyeshi maji vizuri mpaka yafike mililita 200 hivi. Ukiona weupe umepanda hadi karibu nusu ya upande, mara nyingi hapo pana lita moja au zaidi. Mwambie mumeo aishike mkononi chupa kubwa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu. Uzito wa namna hiyo umekaa juu ya kiwambo chako, ule msuli mpana uliotanda kati ya kifua na tumbo, ambao ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta pumzi. Msuli huo kwa kawaida umeinuka juu, na ukijikaza unashuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Maji yakiukalia unasukumwa chini kabla hata hujaanza kuvuta. Ukijikaza hauna tena pa kushuka. Mbavu nazo zimetanuliwa upande huo, misuli yake imevutika. Ubongo unaagiza pumzi kubwa, kifua kinarudisha pumzi ndogo. Tofauti hiyo kati ya nguvu unayoitoa na hewa unayoipata ndiyo unayoihisi kama kukosa pumzi. Na hutokea hata kama damu ina oksijeni ya kutosha.

Sasa kwa nini inatosha? Kwanza, mapafu yana akiba kubwa. Wapo watu walioondolewa pafu moja zima kwa upasuaji, na wakiwa wametulia kifaa cha kidoleni kinawasomea namba za kawaida. Pili, sehemu ya pafu iliyokandamizwa na maji haipati hewa, na mwili ukishatambua hivyo unaibana mishipa inayopeleka damu huko na kuielekeza damu kwenye sehemu zinazopumua vizuri. Tatu, wewe mwenyewe unafanya kazi ya ziada usiku na mchana. Mumeo anaiona 97 kidoleni, lakini haoni jitihada unayoitoa kuipata. Ndiyo maana umechoka namna hiyo.

Nampa mumeo kazi nyingine badala ya ile ya kidole. Ukiwa umelala au umekaa kimya bila kujua unatazamwa, ahesabu mara ngapi kifua chako kinapanda katika dakika moja kamili kwa saa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akipata 26 au 28, hiyo ndiyo namba ya kumwambia daktari. Ikifika 30, asisubiri asubuhi.

Kile kifaa sikidharau. Msingi wake ulibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974, na kimeokoa watu wengi katika vyumba vya upasuaji duniani kote. Lakini kinajua jambo moja tu: kati ya chembe za damu zinazopita kidoleni, ni asilimia ngapi ya kile kinachobeba oksijeni kimeshajazwa. Hakijui unapumua kwa shida kiasi gani, wala damu yako ni nyingi au kidogo. Mama mjamzito mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusomeka 98 huku akihema kwa kupanda ngazi tatu, kwa sababu damu hiyo chache aliyonayo imejazwa vizuri. Donge la damu kwenye mshipa wa pafu nalo linaweza kumwacha mtu na namba ya kawaida.

Wakati wa Korona tulishuhudia kinyume chake: watu waliosomeka 80 na kitu wakiwa wamekaa wanaongea, hawasikii shida yoyote, na saa chache baadaye hali inabadilika. Namba na pumzi ni mambo mawili tofauti, na yanaweza kuachana kwa upande wowote. Watu wengi walibaki na somo la upande mmoja tu, kwamba namba ikiwa nzuri basi mtu ni mzima. Linanisikitisha hilo, maana limefika hadi kwenye meza za watabibu.

Kuna na jambo linalotuhusu sisi weusi hasa. Mwanga wa kifaa hicho unapita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inaingilia usomaji. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba oksijeni iliyoshuka ilifichika kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe: kifaa kilisema sawa, damu ilipopimwa maabara ikakutwa iko chini. Kwa hiyo 97 yako huenda ni 97, na huenda ni chini kidogo ya hapo. Piko na hina nyeusi kwenye kucha navyo huvuruga usomaji huo, na vidole vya baridi pia. Kama umepaka, pima kidole kisicho na rangi.

Kuhusu tabibu aliyesema ni mawazo, sitaki umchukie, ila alikosea mpangilio. Hofu inaweza kubana kifua kweli. Lakini hofu husemwa mwisho, baada ya mgongo kugongwa, mapafu kusikilizwa, damu kupimwa na picha kupigwa. Mtu mwenye homa za jioni, jasho la usiku, kupungua mwili na kikohozi cha miezi miwili haandikiwi dawa ya usingizi. Yule kijana aliyekugonga mgongoni alifanya kazi ya kale sana. Daktari wa Vienna, Leopold Auenbrugger, aliieleza mwaka 1761: penye hewa kifua hulia, penye maji hunyamaza. Vidole viwili vya kijana huyo vilijua kile ambacho kifaa hakikujua. Mrudie yeye.

Tufike kwenye sindano.

Mama mkwe hasemi uongo. Jirani yao alitolewa maji, kisha akafa. Kauli hiyo nimeisikia wodini mara nyingi, na kila nilipouliza habari kamili, nilikuta mtu aliyeletwa amechelewa: saratani imeshatembea, au moyo umeshindwa kabisa, au ni kifua kikuu kilichokaa miezi bila dawa. Maji kwao yalikuwa dalili ya mwisho mwisho, na sindano ikawa tukio ambalo familia inalikumbuka. Mwenye ugonjwa mwepesi aliyetolewa maji akarudi shambani haongelewi msibani.

Itafanyika hivi. Utakaa kitandani umeinamia meza yenye mto, mikono mbele. Daktari ataangalia kwa altrasaundi maji yako wapi na yana kina gani, na hili uliombe kama lipo, kwa sababu linapunguza sana hatari ya sindano kugusa pafu. Atasafisha ngozi, atachoma ganzi, hiyo itauma kidogo, kisha ataingiza sindano mgongoni kupitia juu ya ubavu. Inapita juu kwa makusudi, maana mishipa ya damu na ya fahamu imejificha chini ya kila ubavu. Usikohoe wala kujinyoosha ghafla wakati sindano iko ndani. Ukitaka kukohoa mwambie. Kwa kawaida hawatoi zaidi ya lita moja na nusu kwa mara moja, kwa sababu pafu lililokandamizwa muda mrefu likifunguka ghafla linaweza kujaa maji lenyewe. Ukihisi kifua kinabana au kikohozi hakikatiki, sema palepale waache. Kikohozi kidogo mwishoni ni pafu linafunguka.

Hatari zipo na utaambiwa kabla ya kutia saini: hewa kuingia nje ya pafu, kutoka damu, na mara chache maambukizi. Hazitokei kwa wengi. Kinachotokea kwa wengi ni kwamba siku hiyohiyo wanavuta pumzi ambayo hawajaivuta kwa wiki kadhaa. Na mumeo asishangae ukirudi unapumua vizuri huku kifaa chake bado kinasoma 97. Kiwambo kimerudi kufanya kazi, na hilo halikukihusu kifaa tangu mwanzo.

Hapa ndipo nataka unisikilize kuliko popote, mwanangu. Kutoa maji ni nusu ya kazi. Maji lazima yaende maabara. Nimeona ndoo zikimwagwa chooni, mgonjwa akapewa nafuu ya wiki mbili, akarudi amejaa tena, na hakuna anayejua chanzo. Kabla hawajaanza, uliza kwa heshima: "Daktari, maji haya yatapimwa nini?" Na ndugu mmoja awepo ahakikishe chupa zimeandikwa jina lako na zimefika.

Rangi yenyewe inaanza kusema. Ya njano isiyokolea ni ya kawaida kwa kifua kikuu, na pia kwa magonjwa mengine. Usaha unahitaji mrija ubaki kifuani mpaka uishe, sindano peke yake haitoshi. Damu inamfanya daktari afikirie saratani pia. Maabara itapima protini na kimeng'enya kiitwacho LDH, katika maji na katika damu yako siku hiyohiyo. Kwa vipimo hivyo Richard Light wa Marekani alionyesha mwaka 1972 namna ya kutenganisha maji yanayotokana na moyo, ini au figo na yale yanayotokana na ugonjwa wa utando wenyewe. Protini ya maji ikizidi nusu ya protini ya damu, utando unaumwa. Hapo utaelewa kwa nini vidonge vya kukojoza havikukusaidia: vinamfaa mwenye moyo ulioshindwa, ambaye mara nyingi maji yake huwa pande zote mbili na miguu imevimba. Acha kuvitumia.

Kwa umri wako, kwa dalili zako, na kwa nchi yetu, kifua kikuu kinaongoza orodha, na daktari wako hajakosea kukishuku. Ila fahamu mapema kwamba kifua kikuu cha utando ni kigumu kukamatwa. Vijidudu ndani ya maji ni vichache, hivyo GeneXpert, kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba vya vijidudu hivyo, kikifanyiwa maji kinaweza kusema havipo ilhali vipo. Madaktari huunganisha ushahidi: chembe nyeupe za aina ya limfosaiti zikiwa nyingi, kipimo cha ADA, kimeng'enya ambacho hupanda katika maji ya kifua kikuu, kikizidi 40, makohozi, picha na maelezo yako. Wakishindwa kuamua, hukata kipande kidogo cha utando kikapimwa. Watakupima na virusi vya UKIMWI. Kubali, kwa sababu magonjwa haya mawili hutembea pamoja na matibabu hupangwa kwa pamoja.

Nakuonya na jambo jingine. Maji ya kifua kikuu wakati mwingine hukauka yenyewe baada ya miezi, na hapo fundi wa hijama angesifiwa. Wanajeshi wa Marekani waliopata maji ya namna hiyo bila kutibiwa walifuatiliwa kwa miaka, na ripoti ya mwaka 1955 ilionyesha karibu theluthi mbili walipata kifua kikuu kamili ndani ya miaka mitano. Vikombe vya hijama vinaishia kwenye ngozi, maji yako yako nyuma ya misuli na mbavu. Mwambie mama mkwe kwa upole kwamba unamshukuru kwa kukuhangaikia, na kwamba msaada utakaokufaa zaidi ni uji wa asubuhi na mtu wa kukusindikiza hospitali.

Ikithibitika, dawa ni bure, miezi sita: aina nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Homa hutulia ndani ya wiki chache, maji yaliyobaki hufyonzwa polepole zaidi. Mkojo na hata machozi yatakuwa na rangi ya chungwa, usitishike. Macho yakiwa ya manjano, au ukianza kuona ukungu na rangi zinakupotea, rudi kliniki siku hiyo. Ganzi miguuni uiseme pia, ina dawa yake.

Kuna hali ambazo hazingoji tarehe ya kulazwa, hata kifaa kikisoma 99: ukishindwa kumaliza sentensi ukiwa umekaa, midomo ikibadilika rangi, ukizimia au ukianza kuchanganya maneno, ukikohoa damu, homa kali ya kutetemeka, au maumivu makali ya ghafla kifuani hasa kama mguu mmoja umevimba. Na kifaa kikishuka chini ya 94, nenda. Chini ya 90, nenda unakimbizwa.

Mwanao. Kifua kikuu cha utando peke yake hakiambukizi kwa urahisi kama cha ndani ya pafu, lakini hatujui bado kama una vyote viwili, na kikohozi unacho. Toa makohozi yapimwe hata kama ni machache. Mpaka majibu yatoke, fungua madirisha, funika mdomo ukikohoa, na mtoto alale chumba kingine. Hana haja ya kuhama nyumba. Vikombe na sahani virudi kabatini pamoja na vya wengine, ugonjwa huu unapita kwa hewa, hauambukizwi kwa kijiko. Ikithibitika una kifua kikuu, familia nzima ichunguzwe, na mtoto wa chini ya miaka mitano akikutwa hana ugonjwa hupewa dawa ya kumkinga. Mpeleke mwenyewe kliniki ukaliulizie.

Kwa mwalimu mkuu usibishane kwa maneno. Mwombe daktari aliyekupiga picha aandike cheti kipya kinachotaja maji kifuani na muda wa kupumzika. Cheti cha kwanza kiliandikwa kabla ya eksirei, hiki kitaandikwa na mtu aliyeiona. Na mumeo aende nawe, aombe aonyeshwe jina na tarehe kwenye picha, kisha daktari amgongee mgongo wako upande wa kushoto na wa kulia asikie tofauti kwa masikio yake. Hatauliza tena kama picha ni ya mtu mwingine.

Swali lako la kijiti umeliweka mwisho kama dogo, nami nimefurahi umeuliza. Hakikusababisha maji. Ila rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge vya majira, na wapo wanawake waliopata mimba katikati ya dozi bila kutarajia. Ukianzishiwa dawa, siku hiyohiyo pita kwa muuguzi wa uzazi wa mpango. Kitanzi cha madini ya shaba hakiathiriki, na kondomu zitakutosha wakati mnaamua.